Machozi si Hoja

Wanafunzi walinibandika jina la Wino Mwekundu, nami nikavimba kichwa. Miaka thelathini ya kufundisha fasihi chuo kikuu, na hakuna insha iliyotoka mikononi mwangu salama.

Binti mmoja wa mwaka wa kwanza aliandika juu ya mama yake, aliyezikwa mwezi uleule. Nilizungushia duara kila sentensi iliyolia, nikaandika pambizoni: "Machozi si hoja. Thibitisha." Kisha nikaisoma mbele ya darasa, wakacheka. Yeye hakucheka wala hakulia. Aliyanakili maneno yangu kwenye daftari. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Mpumbavu mimi!

Kufika mwaka wa tatu, hakuna aliyemfikia kwa uchambuzi. Nilijigamba naye kila kikao cha idara. Leo ni mhadhiri, na ofisi yake inapakana na yangu.

Mwezi uliopita mke wangu alifariki. Niliandika ukurasa mmoja wa kusoma siku ya kumkumbuka. Nilitaka mtu ausome, kisha anishike mkono, basi. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo nikampelekea yeye.

"Mwanangu, hebu nipitie ukurasa huu kidogo."

"Sawa, Mwalimu. Kesho utaupata."

Kesho yake aliniletea kwa mikono miwili. Wino mwekundu, juu mpaka chini. Nilipoandika kwamba nyumba imekuwa kubwa tangu mwenzangu aondoke, aliuliza: "Kubwa kwa kipimo gani?" Nilipomtaja tena mwenzangu: "Marudio." Na chini kabisa: "Machozi si hoja. Thibitisha."

Nilimtazama usoni nikitafuta kisasi. Ningekiona, ningefarijika. Hakikuwepo. Alisimama pale akingoja nimsifu.

"Nimeusoma mara nne, Mwalimu. Mstari kwa mstari, kama ulivyonifundisha."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo nilizoea kuwatupia wazazi wa watu.

"Ile insha ya mama yako," nikamuuliza, "bado unayo?"

"Ninayo. Huwa naisahihisha kila mwaka." Akafikiri kidogo. "Sasa imebaki jina lake na tarehe."

Nilitaka kumwomba radhi. Nikalia mbele yake, mtu mzima mimi, kichwa mezani.

Akausogeza ule ukurasa pembeni, usije ukaloa.