Mguu wa Mwalimu na Orodha ya Vikwazo

Jumatatu saa tatu asubuhi karani wa wizara alipokea kutoka ng'ambo orodha mpya ya watu waliowekewa vikwazo. Aliinakili, akaigonga muhuri, akaenda kunywa chai. Majina yalikuwa kumi na moja. La saba lilimlenga mfanyabiashara wa silaha, mwanamume, lakini jina na tarehe ya kuzaliwa vilikuwa pia vya mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mama mtu mzima, ambaye wakati huo alikuwa amesimama katikati ya madawati akisahihisha madaftari.

Sheria ilisema mali ya aliyetajwa isisogezwe, na mali ikatii. Mguu wa kulia wa mwalimu ulikuwa wa bandia, aliununua mwenyewe. Uligoma palepale, ukaganda sakafuni. Mikanda iliyoufunga pajani haikufunguka, mkasi haukuikata. Nguo zilikuwa na msamaha, pamoja na chakula, dawa na kodi ya nyumba, lakini miguu haikutajwa. Wanafunzi walisogeza madawati kidogo, kipindi kikaendelea.

Alasiri karani alifika mwenyewe, fomu kwapani, jasho linamtiririka.

"Pole, Mwalimu. Kuongeza jina ni muhuri wangu tu. Kulitoa, mpaka waziri atie saini."

"Waziri yuko wapi?"

"Safarini. Kuna mkutano wa kuharakisha orodha."

"Binti yangu anajifungua wiki hii, baba. Mimba ya kwanza. Nimemwahidi nitakuwepo."

"Hongera," karani alisema, na aliitoa moyoni.

Mwalimu mkuu alimzawadia mto wa kuegemea. Ulipofika mkononi mwake ukawa mali yake, ukaganda hewani. Tangu hapo kila kitu aliazimwa tu: kiti, shuka, hata kalamu.

Binti alijifungua Alhamisi, bila mama yake. Jirani alipitisha habari dirishani. Mwalimu alifunika uso kwa daftari la mwanafunzi, akalia kimyakimya, maana darasa lilikuwa limejaa.

Siku ya tisa, ng'ambo walilifuta jina lake. Karani aliileta barua mbiombio, uso umemchangamka. Hapa nchini jina lilibaki, kwa kuwa waziri alikuwa ameunganisha safari nyingine.

Karani hajamaliza kueleza, binti akaingia na mtoto. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamnyooshea kichanga. Mwalimu akafungua mikono.

"Ngoja kidogo, dada," karani alisema, akipekua karatasi zake. "Sheria inasema chochote atakachopokea kisisogezwe. Kuhusu wajukuu haijafafanua. Naweza kuuliza ng'ambo. Wanajibu ndani ya miezi mitatu."

Mwalimu alirudisha mikono polepole, akaificha mgongoni.

"Mshike shingo vizuri, mwanangu," alisema. "Msogeze hapa. Nimnuse tu."