Siku Kati ya Jumanne na Jumatano

Shati jeupe huanza kupigwa pasi kwenye kola, upande wa ndani. Halafu mabega, halafu mikono. Kifua huja mwisho, kwa sababu ndicho watu wanachokitazama, na kikitangulia kitajikunja wakati bado unahangaika na mgongo. Dobi alifundishwa hivyo na mama yake na hakuwahi kufanya vinginevyo. Kazi ilifanyika chumba cha mbele, kulala kulikuwa chumba cha nyuma, na penye mlango wa kati palikuwa na kiti cha mbao chenye mto. Hapo mama alikaa mchana kutwa akiangalia pasi inavyokwenda. Wateja walimwita Bi Pasi. Miguu yake ilikuwa imegoma siku nyingi, lakini macho yalikuwa bado kazini.

"Umeruka mfuko," alikuwa akisema, na kweli mfuko ulikuwa umerukwa.

Dobi alimlisha mama yake na kumnywesha. Alimvika asubuhi, alimfunika usiku, alimtoa nje apate jua na kumwingiza ndani mvua ikianza. Mambo hayo hakuyapa jina lolote. Yalikuwa kazi za nyumbani tu, kama kufagia.

Siku ya ziada ilianza kuja msimu wa mvua. Walilala Jumanne, wakaamka, na haikuwa Jumatano bado. Jua lilikuwa kali na barabara tupu. Redio ilikoroma bila kusema neno. Bomba, ambalo siku zote lilitoa maji kwa kusitasita, lilimwaga kwa nguvu, kwa kuwa hakuna mwingine mtaani aliyekuwa akiyatumia. Dobi alifua na kuanika hadi kamba zote zikajaa. Mchana alikibeba kiti hadi mlangoni, akamkalisha mama, wakanywa chai na kupiga soga hadi jua likaanza kushuka. Walipolala na kuamka tena, Jumatano ilikuwa imefika na mvua yake na wateja wake.

"Siku nzuri," mama alisema. "Ikija tena tufue mablanketi."

Ilikuja tena wiki iliyofuata, na wakafua mablanketi.

Wateja waliona kwamba nguo walizoacha Jumanne jioni zikichuruzika maji walizichukua Jumatano asubuhi zimekauka, zinanukia jua, ilhali mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Waliona vizuri, wakaanza kuleta nguo nyingi zaidi. Aliyeuliza ni mmoja tu, fundi miwani wa duka la jirani, mzee wa Kiyahudi aliyefuliwa hapo mashati yake ya Sabato. Alilinusa shati, akataka kujua kama ni siku nzima au nusu.

"Nzima," alisema dobi.

Fundi miwani alisema basi itakuwa ile ahadi. Alieleza huku akifuta miwani yake mwenyewe kwa pindo la koti, jambo alilowakataza wateja wake. Katika amri alizoshuka nazo Musa mlimani, ile ya kumheshimu baba na mama imefungwa pamoja na siku nyingi, na watu hudhani siku hizo huongezwa mwishoni, wakati mtu hana tena meno ya kuzitafunia. Wakati mwingine hutolewa katikati. Shangazi yake alikuwa na Alhamisi mbili kila wiki mpaka baba aliyekuwa akimtunza alipofariki. Alisema walimu wa dini yao waliwahi kukaa na kuulizana kumheshimu mzazi ni kufanya nini hasa, na jibu lao halikuwa nyimbo wala hotuba. Walisema ni kumlisha na kumnywesha, kumvika na kumfunika, kumwingiza ndani na kumtoa nje.

"Na kumcha ni kutokalia kiti chake," aliongeza, kisha akauliza kama kile kifungo cha juu kimeshonwa.

Dobi alikuwa na kaka mkubwa, naye alikuwa mhubiri. Kanisa lake lilikuwa upande wa pili wa mji, kubwa, lenye vipaza sauti hadi chooni. Tena amri hiyohiyo ndiyo iliyompa umaarufu. Kila mwaka aliihubiri kwa wiki kadhaa mfululizo, akilia mahali palepale, na waumini wakalia naye. Alieleza jinsi Yesu akiwa mtoto alivyorudi nyumbani na wazazi wake na kuwatii, na jinsi alivyomtafutia mama yake pa kukaa huku yeye mwenyewe akifa. Alifikia hata kufundisha namna Yesu alivyowakemea watu waliowanyima wazazi haki yao kwa kisingizio kwamba kila walicho nacho wamekwisha kumpa Mungu. Alilifundisha somo hilo vizuri mno, kwa mifano, na alipomaliza dereva alimrudisha kwake kwa njia isiyopita kwa mama.

Siku alipowekewa mikono kuwa mhubiri, mama alikuwa amemwomba jambo moja tu. "Ukishuka madhabahuni, pita nyumbani unywe chai." Hakupita. Alikata mguu kabisa. Lililopita kila wiki ni joho lake, ndani ya mfuko, mkononi mwa dereva.

Habari za nguo zinazonukia jua zilimfikia kupitia kwa muumini mmoja mwenye domo, na Jumatatu moja alifika mwenyewe. Mama alikuwa nje akiota jua. Mhubiri alitazama kamba, alitazama pasi, kisha akajitupa kwenye kiti chenye mto.

"Kaka, hicho ni kiti cha mama."

"Najua, dada," alisema, na akazidi kujiegemeza.

Alizungumza kwa upole aliouzoea mbele ya kipaza sauti. Yeye ndiye kifungua mimba, na yeye ndiye anayeifundisha amri hiyo, kwa hiyo ni wazi kwamba ahadi ilikosea mlango. Hakumlaumu mtu. Lakini mtumishi kama yeye, akipewa siku nyingine katika wiki, angemfanyia Bwana makubwa yasiyo na idadi, na hapa ilikuwa ikiishia kwenye soksi na foronya. Mama angehamia kwake kesho.

Dobi alishikwa na hasira, na nyuma ya hasira palikuwa na hofu. Soksi hazikuwa kitu kwake. Alichokihofia ni nyumba isiyo na mtu wa kumwambia ameruka mfuko. Alisema mama haendi popote.

"Nani huyo?" mama aliuliza kutoka nje, ingawa sauti hiyo alikuwa ameisikia redioni kila Jumapili. Walipomwingiza ndani na akamwona, uso wake wote ulifunguka. Alifurahi kama mtu aliyekuwa akitega sikio mlangoni miaka mingi, na ndivyo ilivyokuwa. Alimwambia binti yake amfungie nguo.

Dobi aliinama karibu na sikio lake. "Mama, hakuja kukuchukua wewe. Amekuja kuchukua siku."

"Naona," mama alisema. "Lakini amekuja. Funga nguo, mwanangu."

Maisha yake yote dobi hakuwahi kumkatalia mama yake neno. Akazikunja nguo, kola juu, akafunga. Chai ilichemka ikapoa, kwa sababu mhubiri alikuwa na kikao.

Nyumbani kwa mhubiri, mama alipewa stoo iliyo ubavuni mwa gereji, pamoja na vipaza sauti vilivyoharibika. Mhubiri aliagiza apewe kila anachohitaji, na baada ya kuagiza aliona amempa. Jumanne alilala mapema akiwa ameshapanga kalamu mezani. Aliamka Jumatano. Wiki iliyofuata alifunga kula, akawaita wazee wa kanisa waombe wakiizunguka meza, na akaamka Jumatano.

Siku ilikuwa imemwendea mpishi. Huyu alikuwa mjane wa makamo, ndiye aliyepeleka supu stoo, akamgeuza bibi kitandani, akambadilisha nguo na kumtoa bustanini. Kati ya Jumanne na Jumatano aliamka katika nyumba tupu yenye jua, akafungua mlango wa stoo, nao wawili wakashinda nje wakila mkate. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Mke wa mhubiri alipoona sufuria zinang'aa kuliko kawaida na mpishi anaimba, aliuliza, naye akajibu.

Mhubiri alimtaka amkabidhi siku hiyo. Mpishi alisema hajui inakabidhiwaje.

"Labda, baba mchungaji, ukimpelekea supu wewe mwenyewe."

Mhubiri alimweleza kwa upole kwamba kila mtu na wito wake, na wito wake yeye ni neno. Hatua kutoka jikoni hadi stoo zilikuwa chache, hata mwenye miguu mibovu angezimaliza, lakini hakuzitembea. Badala yake aliamua kwamba, kwa kuwa siku hiyo ni mali ya nyumba, mpishi aoshe magari ndani yake na kung'arisha viatu vyote.

Jumapili alisimama mbele ya waumini akatangaza kwamba Mungu ameiongezea nyumba yake siku. Katika hilo hakusema uongo. Mama aliketishwa kiti cha mbele, amevikwa gauni lililonyooka, kamera ikamkaribia, na kanisa zima likalia mahali palepale. Ibada ilipokwisha mama aliuliza kama sasa watakunywa chai. Dereva alimrudisha stoo.

Kwa dobi, Jumanne ilifuatwa na Jumatano moja kwa moja. Nguo zilining'inia mbichi, na baadhi ya wateja walihama. Fundi miwani hakuhama. Alianza tu kuleta mashati yake mapema zaidi, na kila alipoingia alikikwepa kile kiti chenye mto kana kwamba kina mtu.

Gauni la mama lilikuja katika mfuko uleule wa joho. Dobi alilitandaza mezani, akaanza na kola, upande wa ndani. Redio ikakoroma. Mvua ikakatika, barabara ikawa tupu, na bomba la uani likamwaga kwa nguvu. Dobi alielewa kuwa ni ile siku, akapunguza mwendo. Alipiga mabega, alipiga mikono, hakuruka mfuko, alirudia pindo ingawa halikuhitaji. Ilidumu kadiri gauni moja linavyoweza kudumu. Alipolikunja, mvua ilirudi, na redio ikarudi na sauti ya kaka yake akieleza namna ya kumheshimu mama.

Lililofuata mfukoni lilikuwa joho. Alianza na kola, upande wa ndani, ingawa mwenye joho alihitaji kifua tu.