Taya Lililonyamaza

Palivuma uvumi mtaani kwetu kwamba taya likianza kulia, siku moja litafunga kabisa, na mwenye nalo atalishwa kwa mrija mpaka kaburini. Aliyeanzisha simjui. Mimi niliupata kwa jirani yangu muuza mitumba, ukaning'ang'ania kama kupe.

Maana taya la binti yangu lilikuwa linalia. Yeye ni fundi cherehani: uzi anakata kwa meno, pini anazibana mdomoni kutwa. Akipiga mwayo, taya linalia ka, mbele ya sikio.

"Mama, haliniumi," akasema. "Wewe ndiye unayeumwa."

Nikamtia mafuta sikioni. Taya likalia tu. Jirani akasema atafune chingamu kwa nguvu, kiungo kilegee. Akatafuna mpaka mashavu yakamchoka.

Asubuhi moja akapiga mwayo, kimya. Nikamshukuru Mungu. "Si nilikwambia, shoga?" jirani akasema.

Kisha nikaona kijiko cha uji kinamgonga meno. Mdomo haukupitisha hata vidole viwili. Jirani akanyoosha mikono alivute taya. Binti akakimbilia nyuma ya cherehani. Mimi nikajiuliza: Kelele imekwisha, ndipo limefunga?

Nikampeleka kwa daktari wa meno, naye akaniwekea kidole mbele ya sikio langu mwenyewe. "Fungua mdomo, mama. Unasikia mfupa unateleza kuja mbele?"

Nikausikia. Kati ya mfupa ule na fuvu, akasema, mna kipande laini kama kimto, huteleza pamoja nao. Cha binti kilikuwa kimetoka mahali pake. Mdomo ukifunguka kinarudi, ndiyo ile ka. Sasa kimekwama mbele, kinauzuia mfupa.

"Kwa hiyo kulia kulikuwa heri?"

"Sikusema hivyo, mama."

"Basi kunyamaza?"

"Huko ndiko kubaya zaidi."

Binti akataka kucheka, akashika shavu. "Mama, acha tu."

Tunalikanda taya kwa kitambaa cha moto, anafanya mazoezi aliyopewa. Kijiko sasa kinapita. Mwayo mzima bado. Nami juzi nilisikia ka moja ndogo, sijui nifurahi au nilie. Lakini wazazi wenzangu, haya nayajua:

Asikate uzi kwa meno.
Asibane pini mdomoni.
Asitafune chingamu eti kulegeza kiungo.
Asiachie mwayo mkubwa; akinge kidevu kwa ngumi.
Asitiwe mafuta sikioni kabla halijatazamwa.
Asivutwe taya na jirani.
Likinyamaza ghafla, usishangilie. Mwambie afungue mdomo uone.