Debe la Upepo

Alhamisi ya pili ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, fundi Tumpe alikuwa ameinama chini ya boneti ya gari jekundu la milango miwili, akivuta puli ya supachaja. Gereji ilikuwa Sae, Mbeya, nyuma ya duka la matairi. Puli haikutaka kutoka. Aliinyunyizia mafuta, akaenda kunywa chai nusu kikombe, akarudi, ikatoka.

Supachaja ni mashine ya kusukuma hewa. Inakaa juu ya injini na kuzungushwa na mkanda. Kazi yake ni kuvuta hewa nyingi kuliko ile ambayo injini ingeivuta yenyewe, kuibana, na kuishindilia ndani. Puli, kigurudumu kinachopitisha mkanda huo, ikiwa ndogo, mashine inazunguka kwa kasi zaidi. Mwenye gari alitaka puli ndogo kuliko zote. Jina lake Obeid, mnunuzi wa mpunga, mwenye mashine ya kukoboa pale Igawa. Mwezi wa saba kulikuwa na mashindano ya magari ya kupanda milima, kutoka Iringa mjini kwenda Kilolo, na mwaka uliopita alikuwa ameshika nafasi ya nne.

"Hewa ya huku nyepesi, bosi," Tumpe alimwambia. "Tuko juu mno. Hata nikiweka puli ya saizi ya kifuniko cha soda, mashine itazunguka tu, haina cha kushika."

"Si utafute hewa nzito," Obeid alisema. "Fundi ni wewe au mimi?"

Fundi alikuwa Tumpe. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka tisa kazi zote ngumu za gereji ile zilipita mikononi mwake. Mwenye gereji, Amos, aliwaambia wateja kwamba alizifanya yeye. Wateja walijua si kweli, na walimshukuru Amos.

Kwa wiki mbili Tumpe alifunga puli ndogo, mkanda mpya na nozeli za kumwaga mafuta mengi zaidi. Alichomelea kwa mkono wake bomba pana la kuingizia hewa. Kisha akaunganisha kompyuta na kontroli boksi, akawa anaendesha hadi Uyole na kurudi, anasoma namba, anapunguza hapa, anaongeza pale. Mshale wa presha ulipanda kidogo, ukagoma. Siku ya Jumatano, saa nane kamili mchana, haukugoma. Ulipanda mpaka alipotaka ufike, ukapita, na gari likaruka mbele kama limesukumwa na mtu mwenye haraka. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Aliegesha pembeni ya barabara pale Uyole, akacheka peke yake.

Saa tisa simu iliita. Alikuwa mama yake, Faustina, anayelima mpunga Madibira, kwenye skimu ya umwagiliaji. Walikuwa wamekwisha kuvuna. Mpunga ulikuwa umepigwa, umelala kwenye maturubai ukisubiri kupepetwa.

"Upepo umesimama," Faustina alisema.

"Utaanza tena, mama."

"Sijasema umepungua, mwanangu. Umesimama. Nimeinua ungo juu hivi, umekatika kama maji ya bomba. Makapi yote yameniangukia kichwani."

"Saa ngapi?"

"Saa nane."

Tumpe alirudi gereji, akafungua kichujio cha hewa. Ndani kulikuwa na makapi ya mpunga, manyoya mawili ya ndege, kwelea kwelea, na harufu ya tope la majaruba ya mpunga. Gari halikuwa limetoka nje ya Mbeya tangu lifike. Alikaa juu ya tairi akafikiri. Madibira iko chini, bondeni, na hewa yake ni nzito. Mashine ilikuwa imetafuta hewa nzito, kama ilivyoagizwa. Injini ilikuwa imezimwa, lakini gari liliendelea kupanda na kushuka taratibu, kama ng'ombe anayehema.

Alimwonyesha Amos kichujio. Amos alikitazama.

"Kisafishe," alisema. "Mteja anakuja saa kumi na moja."

Mteja alipokuja, Tumpe alimweleza. Upepo wa Madibira umo ndani ya gari lako. Watu wamepiga mpunga na hawawezi kupepeta. Niruhusu nirudishe puli ya zamani. Obeid alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: upepo huo utamfikisha Kilolo, au utaishia njiani?

"Hauishi," Tumpe alisema.

Obeid alichukua ufunguo. Mashindano alishinda. Picha ilitumwa kwenye simu za watu: Obeid ameshika kikombe, na Amos kando yake amevaa ovaroli jipya lisilo na hata tone la oili.

Madibira hali ilikuwa vilevile. Wanawake walirusha mpunga juu, ukarudi chini na makapi yake. Walijaribu kupunga kwa khanga na kwa maturubai, watu wanne wanne, mpaka mabega yakafa ganzi, wakapata nusu ndoo. Moshi wa majikoni ulipanda wima na kubaki juu ya nyumba. Bendera ya shule ililala kwenye mlingoti, na walimu wakaacha kuitazama. Hakuna aliyesema ni uchawi. Watu walijua upepo uko wapi. Dereva wa lori aliona lile gari likihema pale Igawa, akawaambia, na habari ikapokewa kama habari nyingine za Obeid.

Obeid naye alizipata habari za Madibira. Siku ya tatu baada ya mashindano alimpigia Amos akitaka gari liwekewe valvu na mpira mrefu, ili upepo uweze kutolewa kidogo kidogo. Kazi alipewa Tumpe.

"Ya nini?" aliuliza.

"Watu wa kwenu wapate upepo," Amos alisema. "Si ndicho ulichokuwa unalilia?"

Tumpe aliifunga ile valvu kwa siku moja, bila kula. Alimfikiria mama yake amesimama na ungo. Hakuuliza upepo utatolewaje, wala kwa masharti gani. Baadaye alijichukia kwa hilo kuliko kwa puli.

Masharti aliyasikia kwa Faustina. Gari linakuja uwanja wa kupigia mpunga, linawashwa, mpira unavutwa, na watu wanapanga foleni. Kila gunia linalopepetwa, debe moja la Obeid.

"Na debe lake siyo debe," Faustina alisema. "Linajazwa mpaka linafanya mlima. Tena anachagua mwenyewe upande uliopepetwa vizuri."

"Na mnampa?"

"Tufanyeje? Tule makapi?"

Tumpe aliomba ruhusa ya siku mbili, akapanda basi, akaenda mpaka kwenye ofisi ambako alielekezwa kupeleka malalamiko. Alipokelewa na afisa aitwaye Lutengano, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Maji yana bodi," Lutengano alisema. "Ardhi ina ofisi. Upepo hauna. Mna hati yoyote inayoonyesha kwamba huo upepo ulikuwa wenu?"

"Ulikuwa unavuma kwetu."

"Hiyo siyo hati, dada yangu. Huyo bwana amekwisha kuleta barua. Ina muhuri."

"Muhuri wa nani?"

Lutengano alifungua faili, akaitazama barua. "Wa kwake," alisema, akalifunga faili.

Wiki iliyofuata gari liliingia gereji kubadilishwa oili. Tumpe alibadilisha oili. Alikaza boliti alizotakiwa kukaza, akamwambia Amos anakwenda kulijaribu, akatoka nalo. Pale Uyole hakugeuza. Alipita Chimala, akapita Igawa mbele ya mashine ya Obeid, ambako wapakiaji walimpungia mkono wakidhani ametumwa, akaiacha lami na kushika barabara ya vumbi. Aliendesha kwa hasira, lakini gia alibadilisha kwa wakati wake. Hakujua kuendesha vibaya.

Alifika saa sita na nusu mchana. Watu walikuwa wamekaa kwenye maturubai. Mama yake alisimama.

"Kamwene, mama," Tumpe alisema, kama wanavyosalimiana watu wa huko. Alifungua boneti, akalegeza mkanda, akafungua boliti nane, akaing'oa supachaja nzima na kuiweka chini juu ya gunia.

Upepo ulitoka. Haukutoka kwa fujo. Ulipita kwanza chini, ukavuta pindo za khanga, kisha ukainuka na kujaa uwanja wote, ukaenda majarubani, ukaenda shuleni. Watu hawakupiga makelele. Walichukua nyungo zao. Mchana ule walipepeta wote kwa pamoja, bila foleni, makapi yakiruka upande mmoja kama zamani, na Faustina alipepeta magunia matatu bila kuketi. Mara moja tu aligeuka akamshukuru binti yake, "Ndaga, mwanangu," kwa Kinyakyusa, akaendelea.

Saa kumi Obeid alifika na gari jingine, pamoja na Amos, askari wawili, na fundi wa kutoka Iringa aitwaye Marcelino. Askari mmoja alitoa karatasi akamsomea Tumpe kosa lake: kuchukua gari bila idhini, na kumwaga upepo wa mtu mwingine hadharani.

"Siyo wa mtu," Tumpe alisema. "Ni wa hapa. Hata ninyi askari mmekua nao."

"Hayo utayasema mbele," askari alisema. Kofia yake ilipeperuka, akaikimbilia, akaivaa tena.

Marcelino alifunga supachaja kwa nusu saa. Walipoiwasha injini upepo ulirudi ndani kutoka shuleni, kutoka majarubani, na mwisho kutoka kwenye pindo za khanga. Kisha vijana wa Obeid walipita kwenye kila lundo na debe lao. Walidai malipo ya upepo wa mchana ule wote. Mtu aliyetaka kubishana alionyeshwa askari. Faustina alitoa madebe matatu, akiyajaza kwa mikono yake, huku binti yake akipandishwa kwenye gari.

Tumpe alikaa mahabusu siku kumi na moja. Hakufikishwa kwa hakimu. Siku ya kumi na mbili aliambiwa aende, kwa kuwa Obeid hakuwa na muda wa kesi. Amos alimtumia ujumbe kwamba nafasi yake imejazwa. Alipanda bodaboda mpaka Madibira, akiwa na nguo zilezile.

Alikuta foleni. Gari lilikuwa katikati ya uwanja, mpira umenyooshwa, na Marcelino ameinamia boneti huku akijikuna shingo. Alikuwa ameweka puli ndogo zaidi, kwa kuwa Obeid alitaka. Sasa upepo ulitoka kwa kukohoa. Ulisimama kabisa, kisha ukafyatuka ukabeba makapi na mpunga pamoja, ukamwaga vumbini nje ya turubai. Mwanamke aliyekuwa mbele alipiga magoti akaanza kuokota punje moja moja. Debe lake lilikuwa limekwisha kuchukuliwa.

Aliyefuata alikuwa Faustina.

Obeid alimwona Tumpe. Hakuonekana kuwa na kinyongo. "Fundi!" aliita. "Afadhali umekuja. Hebu njoo uisikilize hii."

"Sifanyi."

"Nitakulipa vizuri."

"Nimesema sifanyi. Urudishe huo upepo uone kama kutakuwa na kitu cha kusikiliza."

Obeid aliinua mabega. "Mimi sina haraka," alisema. "Wenye haraka ni hawa." Akamwambia kijana wake aendelee.

Foleni yote ilimtazama Tumpe. Faustina aliweka ungo chini, akamwendea. Alikuwa amekonda. Alizungumza kwa sauti ya kawaida.

"Kaiseti hiyo mashine."

"Mama, huyu anakuibia."

"Najua ananiibia. Nimekuuliza hilo?" Alionyesha lundo lake. "Mpunga uko nje wiki ya nane. Panya wanakula, ndege wanakula. Ule mchache niliopepeta siku ile ndio tunaokula, na unaisha. Ukikataa wewe, yeye anachukua debe lake vilevile na mimi naokota kwenye vumbi kama yule pale. Nenda kaiseti, mwanangu. Umkasirikie huku unafanya kazi."

Tumpe aliliendea gari. Kisha akamsukuma Marcelino kando, akaomba spana namba kumi na mbili.

Alipoinama alikuwa na nia ya kuharibu. Kulikuwa na njia nne za kuiua injini ile bila mtu kujua, na alizifikiria zote. Lakini upepo ulikuwa mle ndani, na hakujua kama injini ikifa upepo utatoka au utafia humo. Alikaza mkanda uliokuwa unateleza. Alirudisha nyuma mpigo wa plagi, cheche zikachelewa kidogo. Alipunguza mafuta, akasikiliza, akaongeza kidogo. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye grisi, na hasira haikupungua hata kidogo.

Upepo ukanyooka. Ulitoka mpana, wa kiasi, usioyumba, upepo wa mwezi wa sita. Faustina aliinua ungo. Mpunga ulianguka miguuni pake, msafi, na makapi yakaenda zao.

"Safi sana," Obeid alisema, akaweka debe chini mbele ya lundo.

"Mpunga wa mama yangu usichukue," Tumpe alisema.

"Fundi na mama wa fundi ni vitu viwili," Obeid alisema. Kijana wake akaanza kuchota.

Walipepeta mpaka saa kumi na moja jioni. Marcelino alikwenda kulala kivulini. Tumpe hakuondoka pale. Alisimama kando ya injini, ameuma meno mpaka taya zinamuuma, akiyahesabu madebe moja moja kwa sauti ili kila mtu asikie, na kila mara upepo ulipotaka kuyumba alinyoosha mkono akaurekebisha.