Mikono Miwili ya Kushoto

Salale! Shangazi aliuweka mkono wa gauni kwenye bega la sanamu ya kupimia nguo, akaugeuza, akaugeuza tena. Haukukaa. Alikuwa amekata mikono miwili, yote ya kushoto, na satini ile ina uso na mgongo, huwezi kuipindua ukamdanganya mtu. Dukani ilishaisha. Harusi ni kesho, na leo bibi harusi, binti wa kaka yake, anakuja kujaribu gauni.

Binti mwenyewe aliomba kitu kimoja tu: "Shangazi, mikono mirefu." Mkono wake wa kulia una kovu la moto tangu utotoni, jua liwake lisiwake, hutamwona bila sweta. Sasa bingwa wetu alianza na nini? Mkia! Wiki nzima kauinamia mkia wa gauni akiutia shanga, kila anayepita mlangoni amsifie. Mikono, alisema, ni kazi ndogo. Akaikata jana mbiombio huku akipiga soga.

Simu ikaita. "Shangazi, ndiyo natoka nyumbani."

"Njoo, mwanangu." Akakata simu, akaanza kupiga pasi pindo lililokwisha kupigwa pasi. "Nimekwisha mimi!"

"Hiyo pasi itaota mkono?" aliuliza Msumari, fundi mwenzake wa chumba kile. "Maji yakimwagika hayazoleki. Satini iko wapi humu ndani?"

"Haipo!"

"Ipo. Unaikanyaga."

Shangazi akatazama chini, kwenye mkia. "Thubutu! Shanga zangu?"

"Basi mwambie aufunge mkia mkononi."

Alimchukia kwa sababu alisema kweli. Akashika mkasi, akakata huku machozi yakimtoka. Sindano moja ikavunjika juu ya shanga, akatia nyingine. Alikuwa akimalizia kwapa waliposikia hodi, na Msumari akaenda kumchelewesha mgeni kwa maneno.

Binti akavua sweta, akavaa. Mkono mmoja wa satini tupu, mmoja unameta shanga hadi kiganjani. Binti akauinua ule wa kulia mbele ya kioo, akautazama weee, kisha akaupunga na kucheka.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Shangazi. "Mkia imebidi niukate."

Binti hakuondoa macho kwenye mkono wake. "Kwani lilikuwa na mkia?"