Ruka, Anifa

Zipu ya trakisuti ilipanda vizuri mpaka kitovuni, ikakataa kuendelea. Mwalimu Twalibu aliibembeleza, akabana tumbo, akaibembeleza tena, halafu akaiacha wazi na kujifanya kwamba ndivyo wanariadha wanavyovaa siku hizi. Nje ya ofisi, uwanja ulikuwa umefurika. Shule zenye vitengo vya elimu maalumu zilikuwa zimekutana hapo Kasulu kwa siku yao ya michezo, na basi la wageni kutoka Kibondo lilikuwa limefika tangu saa mbili, limejaa watoto, ngoma na kelele. Saa nne ingekuwa zamu ya mita mia kwa wasioona, kila mtoto akiwa ameunganishwa kwa kamba fupi na mwongozaji wake anayeona. Mwongozaji wa Anifa alikuwa Mwalimu Twalibu.

Alijitakia mwenyewe. Miaka miwili iliyopita, alipohamishiwa huku akitokea Tanga, aliona baridi, akaona milima, akaona hakuna anayemjua, akaamua kujiongezea sifa kidogo. Darasani alianza kwa kusema kwamba chuoni aliwahi kukimbia. Muhula uliofuata alikuwa ameshinda. Kufikia mwaka huu chumvi ilikuwa imezidi: alikuwa bingwa wa chuo kizima, mita mia nne, na kikombe chake bado kilikuwa kabatini kwa mkuu wa chuo. Walimu wenzake walitazamana, wakaendelea na chai yao. Anifa, aliyekaa dawati la mbele, aliinamisha kichwa na kusikiliza neno kwa neno.

Anifa alikuwa binti wa darasa la saba, mrefu, mwembamba, asiyeona tangu kuzaliwa. Katika Kiswahili, somo la Mwalimu Twalibu, hakuna aliyemfikia. Lakini alichokitaka mwaka huu, mwaka wake wa mwisho shuleni hapo, hakikuwa cha darasani.

"Sijawahi kukimbia mpaka nichoke," alimwambia Mwalimu Josepha, mkuu wa kitengo. "Kila anayenishika kamba ananizuia. Mara anasema taratibu, mara anasema tutaanguka. Nipe bingwa, mwalimu. Nipe Mwalimu Twalibu."

Mwalimu Josepha alilileta ombi hilo ofisini huku akijiuma mdomo asicheke. Hapo ndipo Twalibu angesema ukweli, mambo yakaisha. Alifungua kinywa kabisa. Kilichotoka ni, "Hakuna tatizo." Basi wiki nzima ya mazoezi alipatwa na malaria, akapatwa na kikao, akapatwa na msiba wa mjomba, mjomba yuleyule aliyefariki muhula uliopita. Anifa alimpa pole kwa yote matatu. Pole ile ya tatu ndiyo iliyomkosesha raha, kwa sababu ilitolewa kwa sauti ya upole kabisa.

Sasa walikuwa wamesimama kwenye mstari wa chokaa, pamoja na jozi nyingine tatu. Jua lilikuwa kali, ila katikati ya njia mvua ya jana ilikuwa imeacha dimbwi la maji mekundu ambalo hakuna aliyepata muda wa kulifukia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Anifa. Umelalaje?"

"Sikulala." Alishika ncha ya kamba, akaikaza. "Mwalimu, leo nataka kukimbia kweli."

Moyo ulimwuma Twalibu. Mtoto huyu alikuwa na siku moja tu, na siku yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye kitambi cha mwalimu wake. "Anifa," alisema, "kuna jambo nilitakiwa kukuambia mapema..."

Hakulimaliza. Mwalimu Benedicto, mwanzishaji wa mbio, alikuwa ametoka kuwaanzisha watoto wasiosikia kwa kibendera, na kazi ikawa imemkolea. Alikipandisha kibendera kilekile, akakishusha kwa nguvu zote. Waongozaji wakachomoka. Watoto, ambao hakuna aliyewaambia kitu, wakabaki wametulia kwa adabu. Kamba zikawarudisha waongozaji wote wanne, mmoja akakaa chini. Uwanja mzima ulicheka, Benedicto akaomba radhi, akatafuta filimbi yake kwenye mifuko yote na kuikuta shingoni.

Filimbi ikalia.

Hatua kumi za kwanza Mwalimu Twalibu alijiona bingwa. Hatua ya kumi na moja kifua kilimkumbusha yeye ni nani. Hatua ya ishirini, magoti nayo yakajiunga na malalamiko ya kifua. Kamba ilikuwa imekaza mbele yake, na msichana yule alikuwa akimkokota, amejibana, anakimbia nusu ya mbio zake.

"Mwalimu, tuko wa ngapi?"

"Wa pili!" alihema.

"Mbona miguu yote naisikia mbele?"

Alitaka kutunga jibu, lakini kutunga kunahitaji pumzi. "Wa mwisho," alisema. "Sababu ni mimi."

Pembeni, akina mama walikuwa wamesimama juu ya viti, wakipiga kelele kwa Kiha: "Iruka, Anifa! Iruka!" Neno hilo Twalibu alilijua, na alilijua kwa aibu. Mwezi wake wa kwanza Kasulu, katika kipindi cha michezo, aliwaambia watoto wa darasa la kwanza, "Moja, mbili, ruka!" Badala ya kuruka, nusu ya darasa ilitimua mbio mpaka barabarani, kwa sababu nyumbani kwao *iruka* ni kimbia. Alitumia asubuhi nzima kuwakusanya.

Lakini dimbwi lilikuwa limefika, na mtu aliyeishiwa pumzi hachagui maneno.

"Ruka!" alipiga kelele. "Ruka, Anifa!"

Anifa hakuruka. Alipita katikati ya dimbwi kwa miguu yote miwili, akamrushia mwalimu wake tope usoni, na kwa mvuto mmoja kamba ikamtoka Twalibu mkononi, naye Anifa akaiachia majini. Akaondoka. Magoti yalipanda, mikono ilikata hewa, kichwa kilinyooka. Mwalimu Twalibu alibaki ndani ya maji, mkono bado umenyooshwa, na hofu ikamshika, maana mtoto alikuwa anakimbia gizani peke yake na yeye ndiye mwenye macho.

"Kushoto kidogo!" alipaza sauti. Hakujua pumzi ile imetoka wapi. "Kidogo tena! Nyooka! Hivyohivyo, nyooka!"

Akaipita jozi ya kwanza. Akaipita ya pili. Akampita Winnie wa Kibondo, tumaini la wageni, akakata utepe, na hakupunguza mwendo, kwa kuwa mwalimu wake alikuwa ameduwaa na kusahau kwamba kuna neno linaloitwa simama. Mgeni rasmi, aliyekaa chini ya turubai mbele yake, aliinua miguu yake na soda yake kwa wakati mmoja. Anifa alipita kati ya meza na nguzo ya turubai bila kugusa kimojawapo, akatokomea kwenye shamba la maharage nyuma ya goli.

Matokeo yake yalifutwa. Twalibu, uso mwekundu kwa tope, alijitetea mbele ya meza kuu: mtoto alisikia *iruka*, kosa ni la lugha, naye kama mwalimu wa lugha alikuwa tayari kulieleza kwa mifano. Mgeni rasmi, mzaliwa wa hukohuko, alicheka mpaka akavua miwani. Mwalimu Josepha pia alicheka, kisha akasoma kanuni: kamba isiachwe. Medali ikaenda kwa Winnie.

Twalibu alimkuta Anifa ameketi katikati ya maharage, miguu imenyooka, kifua kinapanda na kushuka.

"Nimechoka, mwalimu," alisema, kama mtu anayeleta habari njema.

"Wamefuta matokeo yako."

"Ego," aliitikia kwa Kiha. Ndiyo. Hakuonyesha kushangaa.

Twalibu akakaa chini, zipu ikashuka yenyewe. "Anifa, sikuwahi kuwa bingwa. Chuoni nilikuwa nagawa maji ya kunywa kwa wanaokimbia."

"Najua, mwalimu. Ukipanda ngazi tatu za ofisi, unahema mpaka darasani tunasikia."

"Sasa kwa nini uliniomba mimi?"

"Wengine wangenishika."

Twalibu alijifuta tope usoni. Uwanjani ngoma za Kibondo zilikuwa zimeanza. "Na pale dimbwini?" aliuliza mwishowe. "Ulisikia nini?"

"Mwalimu, mtihani wa Kiswahili nilipata ngapi?"

"Tisini na nane."

Anifa alisimama, akakung'uta majani kwenye sketi, akanyoosha mkono. "Kamba iko wapi?"

"Imebaki kwenye maji."

"Basi wewe ongea tu. Nitafuata."

Mwalimu Twalibu akatangulia, akaanza kuongea, akitaja mtaro uliokuwa mtaro na jiwe lililokuwa jiwe, na nyuma yake alisikia hatua za Anifa zikija bila haraka.