Wachezaji Wanane

Msimu ule timu ya besiboli ya chuo ilikuwa na watu tisa kamili, bila hata mmoja wa akiba, na bado ilifika fainali. Kendi alikuwa nahodha na mdakaji, yule anayemwelekeza mrushaji atupe wapi. Mrushaji alikuwa Nilam, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ambaye nyanya yake alilelewa Kisumu na kumfundisha Kiswahili. Wapinzani, wasiojua Kiswahili, walibaki kutoa macho kila Kendi alipompigia kelele kwa lugha hiyo: "Chini! Sasa nje kidogo!"

Alhamisi, siku mbili kabla ya fainali, mpira uliogongwa kwa nguvu mazoezini ulimpata Nilam juu ya sikio. Alianguka, akainuka, akacheka. Baadaye Kendi alimkuta chooni akitapika.

"Usimwambie mtu," Nilam alimsihi. "Huu ni mwaka wangu wa mwisho. Apa!"

Kendi akaapa.

Jumamosi walipokuwa wakipasha misuli, Nilam aliuliza mechi inaanza saa ngapi. Kendi akamwambia. Haikupita dakika tano, akauliza tena. Mama yake, Roselyne, alikuwa muuguzi, na alimwambia mara nyingi: mtu aliyegongwa kichwa akianza kurudia maswali, usimwache hivyo.

Akamwendea mwamuzi.

"Tuko wanane," alisema. "Nilam hachezi."

Mwamuzi alisubiri dakika kumi na tano timu itimie watu tisa, kama sheria inavyotaka, kisha akawapa wapinzani ushindi. Kombe likachukuliwa bila mpira hata mmoja kurushwa. Sukhvinder, mchezaji mwenzao, alitupa glavu yake chini, akaondoka bila kumuaga mtu.

"Uliapa, Kendi," Nilam alisema.

Roselyne alikuja na gari, akawapeleka hospitali, mtaa wa Bordesley Green. Walikaa saa sita kwenye viti vya plastiki, Nilam akitazama ukuta. Picha ya kichwa haikuonyesha jeraha lolote. Nilam aliiweka karatasi ya daktari yenye majibu hayo mapajani mwa Kendi, akaita teksi, akaenda zake.

Kendi alimwandikia mara tatu. Ujumbe ulisomwa, jibu halikuja. Julai, Kirandeep, mwenzao wa timu aliyekuwa akilinda kituo cha kwanza uwanjani, ndiye aliyemwambia kwamba Nilam amepata kazi Glasgow, jiji la mbali, na tayari amehama.

Jioni hiyo, nyumbani kwao mtaa wa Kingstanding, Kendi alishindwa kula.

"Ungefanya nini kingine?" Roselyne alimuuliza. "Hata mimi ningefanya hivyo."

"Najua, Mum."

"Sasa mbona unajitesa?"

"Hata wangenirudisha siku ile, ningemwendea mwamuzi tu." "Na Nilam angeniacha tu."

Roselyne alivuta kiti, akakaa karibu na mwanawe, akamshika mkono. Kendi alilia kama mtoto, na chakula kikapoa mezani.